Fukwe za Sanduku la Bwana Sangwa

Karachi, 12 Agosti 1990

Mdogo wangu Xavérine,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye leo ana mchanga mpaka ndani ya masikio. Meli imetia nanga siku ya tano sasa, inangoja mchele, na mabaharia wote wako mjini. Mpishi msaidizi asiye na wa kumpikia amepewa ruhusa ya kutembea.

Tulipoachana mwaka 1973, wewe una miaka kumi na tatu na mimi nimefukuzwa shule natafuta pa kukimbilia, uliniuliza swali moja tu: bahari ikoje? Hukuuliza nitakula nini wala nitalala wapi. Sasa nina jibu. Nimezunguka dunia kwenye majiko ya meli na nimezipanga fukwe zangu kumi na mbili ninazozipenda kuliko zote. Nakupa moja moja, kuanzia ya chini kwenda juu. Kumi na mbili ilikuwa Aden, ulishaipata. Kumi na moja Kolombo. Leo ni namba kumi.

Hapa Karachi watu wanaingia baharini na nguo zao zote, hata saa hawavui, halafu wanasimama wima wananyeshewa na wimbi huku wanacheka. Kuna ngamia waliovikwa shanga na vioo. Nilimpanda mmoja, nikashuka upande usio wa kushukia, na watoto wa hapa hawajamaliza kunicheka. Siku ukija, ingilia kushoto penye mawe, maana kulia maji yanavuta. Utatembea hatua mia mbili maji yako magotini, halafu ghafla yanafika kifuani.

Namba moja usiniulize. Hiyo nitakuambia mwisho kabisa, ikiwezekana kwa mdomo.

Natumia sanduku la posta la mkuu wako wa kazi kama ulivyoniagiza. Mshukuru sana, si kila bosi anamkubalia karani wake jambo hilo. Mbusu Umulisa. Mwambie mjomba wake anajua kupika pilau ya watu arobaini ila hajui kuogelea.

Kaka yako,
Benon

*

Kigali, 3 Desemba 1990
Kwa mkono wa Mukashema

Kaka Benon,

Hii haipiti posta. Mukashema ni jirani yangu hapa Remera, anafuata vitenge Mwanza, na huko ana mtu wa treni atakayeifikisha kwenye kantini ya Trinah hapo bandarini kwenu Dar es Salaam. Ukishaisoma, ichome.

Umesikia kwamba vita viliingia kwa mpaka wa Uganda tarehe mosi Oktoba. Siku chache baadaye walianza kukamata watu hapa mjini, wenye kitambulisho chenye kabila kama langu kwanza. Walikuja kwangu asubuhi. Nilikaa uwanja wa mpira siku nane, kwenye majani, pamoja na maelfu. Umulisa alibaki kwa Mukashema.

Siku ya sita waliniita, na mezani ilikuwepo barua yako ya Karachi waliyoikuta kwangu. Ofisa hakuwa mjinga, alikuwa makini, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza: nchi hii haina bahari, kwa nini mtu wa nje anakuandikia kuhusu maji? Kushoto kuna mawe, kulia kunavuta, kina mpaka kifuani, ni mto upi huo mnaotaka kuvuka? Halafu akaweka kidole kwenye namba. Juni kumi na mbili, Julai kumi na moja, Agosti kumi. Mnahesabu kurudi nyuma kuelekea nini? Namba moja ni siku gani?

Kaka, na mimi sijui namba moja ni wapi. Nilisema hivyo. Akaandika.

Aliyenitoa ni Bwana Sangwa, mkuu wangu. Alifika amevaa suti, akamwambia ofisa kwamba barua zote za dada huyu anazisoma yeye kabla sijazipata, tangu ya kwanza, na kwamba ni mambo ya mchanga na ngamia tu. Alizitaja kwa kichwa, Aden, Kolombo. Ndivyo nilivyojua. Nilidhani posta ndio wanaokata bahasha zile kwa mkasi, juu, mstari ulionyooka. Ni yeye. Mtu aliyeniokoa ameniokoa kwa sababu ananichungulia, na nimeshindwa kujua nimshukuru vipi.

Sasa sikiliza. Usiache kuandika. Ukiacha, watasema nimekuonya. Andika fukwe, fukwe tu. Usiulize habari za nchi, usiseme umeelewa chochote. Na tafadhali usiseme ingilia wapi.

Dada yako,
Xavérine

*

Santos, Brazili, 20 Februari 1991

Mdogo wangu Xavérine,

Salamu kwako, kwa Umulisa, na kwa Bwana Sangwa anayetuhifadhia barua.

Namba tisa ni hapa Santos. Ufukwe wenyewe ni mrefu na mchanga wake mgumu, baiskeli inapita juu yake bila kuzama. Lakini kitu cha kutazama kipo nyuma yako. Maghorofa yaliyopangwa mbele ya bahari yameinama. Si moja, ni mengi, kila moja upande wake. Wanasema udongo wa chini ni laini. Nimemwona mama kwenye roshani ya ghorofa ya saba anamwagilia maua yake, na maji ya ndoo yakimwagika yote yanakimbilia kona moja. Wala hana wasiwasi.

Nilikaa nikafikiri, watu wanaweza kuzoea kuishi katika nyumba iliyoinama mpaka wakaona zilizonyooka ndizo mbovu. Basi, ni mawazo ya mpishi tu.

Afya yangu njema. Kazi njema. Hali ya hewa njema.

Kaka yako,
Benon

*

Kigali, 14 Aprili 1991

Kaka Benon,

Barua yako tumeipata. Nasema tumeipata kwa kuwa Bwana Sangwa ameipenda mno. Amebandika ramani ya dunia ukutani kwake hapa Kacyiru, na kila mji wako anauchoma pini yenye kichwa chekundu. Saa nne, tunapokunywa chai, ananiita nikae, ananisomea mwenyewe barua uliyoniandikia mimi. Anasoma vizuri, Kiswahili alikipata Bujumbura alipofanya kazi ujanani. Akimaliza ananikabidhi na kusema, chukua, ni yako.

Hajawahi kuiona bahari. Ana maswali na ameniagiza nikuandikie kama yalivyo. Mchanga wa Santos unatoa sauti ukikanyagwa? Maji ya bahari yana harufu hata ukiwa mbali? Na je, mtu akisimama ufukweni, anaona kwamba dunia ni mviringo, au hilo ni la vitabuni?

Pia anasema barua ya Santos ilikuwa fupi kuliko ya Karachi. Angefurahi ukiandika zaidi. Na mimi ningefurahi.

Ile sentensi ya nyumba zilizoinama aliisoma mara mbili, akanitazama, akaendelea na chai yake.

Xavérine

*

Kigali, 2 Machi 1992
Kwa mkono wa Mukashema

Kaka,

Namba nane ya Hamburg na namba saba ya Durban zimefika. Ile ya Durban, ya nguzo zilizobaki na matundu ya skrubu pale palipokuwa na bango la kuwakataza watu weusi, Bwana Sangwa aliipitisha. Mimi nililia chooni.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mchukue Umulisa.

Ana miaka kumi na moja. Mwalimu amewasimamisha darasani kwa makabila, wahesabiwe, na mtoto wangu akarudi nyumbani kuniuliza yeye ni nani ili kesho asikosee kusimama. Wiki iliyopita bomu la mkono lilirushwa karibu na stendi ya teksi. Nyumbakumi wetu, ambaye alikuwa akija kuomba chumvi, sasa anakuja na daftari. Nimechoka kuogopa, kaka, na ninachoogopa zaidi ni kwamba nimeanza kuzoea.

Hati ya kusafiria haitolewi bila barua ya mkuu wa kazi. Nilimwomba Bwana Sangwa. Alikuwa mpole sana. Alisema: mtoto akienda, mama atamfuata, na mama akimfuata, hizi barua zitakuja kwa nani? Akacheka kidogo. Hakusaini. Nilidhani ni utani, nikarudi siku ya pili na ya tatu. Si utani.

Kila barua nzuri unayoandika inanifunga hapa. Sikujua nitakuja kukuandikia sentensi kama hiyo.

Xavérine

*

Dar es Salaam, 1 Mei 1992

Kwa Bwana Sangwa,

Shikamoo mzee wangu. Ni mimi Benon, kaka yake Xavérine. Naomba radhi kukuandikia bila kutambulishwa, lakini nadhani tunafahamiana kidogo.

Dada yangu hakuniambia lolote. Mimi mwenyewe, kwa kuona jinsi maswali yako yalivyo ya mtu aliyesoma kwa makini, nimejua una moyo wa bahari. Orodha yangu ina fukwe kumi na mbili. Umeshapata sita. Zimebaki sita, nazo ndizo bora. Kuanzia sasa nitakuandikia wewe, kwa jina lako, bahasha yako mwenyewe, na nitajibu kila swali.

Nami naomba kitu kimoja. Umsainie mpwa wangu barua aje likizo. Ni mtoto, hatachukua nafasi kubwa kwenye basi.

Wako mtiifu,
Benon

*

Kigali, 9 Juni 1992

Bwana Benon,

Nimepokea barua yako. Napenda watu wanaosema wanachotaka.

Nakubali, kwa utaratibu ufuatao. Utaendelea namba sita, tano, nne, mpaka moja, bila kuruka. Siku nitakapoipokea namba moja nitasaini. Kabla ya hapo, hapana. Uzoefu wangu wa kazi ni kwamba mtu akishapata sahihi hamalizi ripoti.

Dada yako ni mzima. Anapiga chapa vizuri kuliko wote hapa.

Sangwa B.

*

Dar es Salaam, 18 Julai 1992
Kwa mkono wa Mukashema

Mdogo wangu,

Najua umekasirika. Mukashema safari hii amefika mwenyewe hapa Dar, ameniletea maneno yako yote na ameyasema kwa sauti yako ileile, kwamba nimekuvua nguo mbele ya mtu yule. Nimekosa. Lakini sahihi yake ndiyo mlango pekee niliouona.

Sasa kuna jambo nililokuficha, na leo nalisema. Mimi siko melini tena. Januari sufuria la mafuta lilinipindukia tukiwa baharini, mguu wa kulia ukaungua toka paja hadi unyayo. Kampuni imenishusha Dar. Sasa napika hapa kantini kwa Trinah, natembea na fimbo, na fukwe zilizobaki kwenye orodha yangu, ukiacha namba moja, sijawahi kuzikanyaga. Nilikuwa natarajia kuziona. Orodha niliipanga nusu kwa macho na nusu kwa matumaini, na uliponiona najigamba nilikuwa najigamba kweli.

Usife moyo. Mabaharia wa dunia nzima wanakula hapa. Nimewawekea sharti, anayetaka supu ya pili anipe ufukwe mmoja. Ananisimulia, namhoji mpaka anachoka, harufu, rangi, nani anauza nini, mbwa wako wapi. Usiku huohuo naandika barua, na anayesafiri anaiposti kutoka hukohuko ili muhuri uwe wa kweli. Namba sita imeondoka na Mgiriki. Namba tano naifanyia kazi. Inachelewa kwa sababu meli zinachelewa, lakini itafika, na Umulisa atafika.

Kwako Durban ndiyo ya mwisho ya kweli. Nisamehe.

Benon

*

Manila, 5 Septemba 1993

Bwana Sangwa,

Shikamoo. Baada ya Valparaiso, Odessa na Madras, sasa tumefika namba tatu, hapa visiwani Ufilipino. Ufukwe huu hauna jina kwenye ramani.

Mchanga wake si mweupe, ni wa kahawia na mzito kidogo, unashikamana na nyayo. Maji hayana wimbi. Ukikaa, unaona visiwa vidogo mbele yako kama ng'ombe waliolala, na kimoja kina popo. Ukipiga makofi mchana wanaruka wote, mbingu inaingia giza, halafu wanarudi kwenye miti yao mmoja mmoja. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanapiga kasia kwa kuimba, mmoja anapiga mluzi na wengine wanaitikia. Milima inashuka mpaka majini na mikaratusi yake.

Umeniuliza zamani kama mtu akisimama ufukweni anaona dunia ni mviringo. Hapa huoni. Hapa unaona ng'ambo, na ndicho kinachouma.

Zimebaki mbili. Amani imesainiwa Arusha, nadhani na wewe una furaha. Nakuomba uanze kutafuta kalamu.

Benon

*

Kigali, 22 Novemba 1993

Bwana Benon,
Kuhusu: Ufukwe namba tatu

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Ramani ya Ufilipino ninayo. Nilichukua pini, nikasimama mbele ya ukuta, na mkono wangu ukakataa.

Mimi ni mzaliwa wa Kibuye, kando ya ziwa. Baba yangu alikuwa kwenye mtumbwi wa katikati, ndiye aliyepiga mluzi. Kile kisiwa cha popo nimekipigia makofi tangu sijaota meno ya pili. Umechukua maji ya kwetu, ukayapeleka Manila, ukanirudishia na stempu.

Sasa najiuliza, kama namba tatu ni uongo, Karachi je? Wale ngamia? Nilikwenda uwanjani mwaka 1990, nikampa ofisa neno langu kwamba barua hizi ni za kweli na hazina kitu kingine ndani. Neno langu, na jina langu, na cheo changu. Kama wewe ni mwongo, basi mimi nilimdanganya.

Kuna watu siku hizi wanapita maofisini kuuliza habari za wafanyakazi, nani ana ndugu nje, nani anapokea barua. Wanaandika majina. Kuhusu dada yako waliniuliza wiki mbili zilizopita. Niliwaambia warudi baadaye.

Nataka ukweli wa namba tatu. Lini ulisimama pale, na ulikuwa nani. Usiniandikie uzuri. Nimeshiba uzuri.

Sangwa B.

*

Dar es Salaam, 4 Januari 1994

Bwana Sangwa,

Ngamia ni wa kweli. Mpaka Durban nilikuwepo kwa miguu yangu miwili. Sita, tano na nne ni za watu wengine, walionisimulia mezani, kwa kuwa niliungua nikashushwa na sikutaka mtoto akwame kwa sababu ya mguu wangu. Hilo ndilo kosa langu.

Namba tatu ni Kibuye. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwezi Machi 1973. Walisoma majina shuleni, la kwangu likiwemo, na tukaambiwa tusirudi. Mtu aliyekuwa anivushe ziwa kwenda kisiwa cha Idjwi, nje ya mpaka, alisema atakuja asubuhi, akaja jioni. Nilikaa pale mchangani mchana kutwa. Mama mmoja nisiyemjua, ambaye angeweza kupiga kelele, alinipa kiazi kitamu cha kuchemsha, akaniambia nioshe uso, akaenda zake. Nilitia miguu majini. Nilipiga makofi, popo wakaruka. Labda ulikuwepo. Labda baba yako alipita.

Hakuna namba mbili. Na namba tatu si namba tatu. Nilipoishiwa niliiba kutoka juu ya orodha yangu mwenyewe. Nimekanyaga mchanga wa nchi nyingi tangu siku ile, na kote nilikuwa mgeni. Pale ndipo mahali pekee nilipokaa ufukweni nikiwa bado nyumbani. Hiyo ndiyo namba moja, Bwana Sangwa. Umeshaipokea.

Sina kingine cha kukupa. Msainie mtoto.

Benon

*

Kigali, 25 Machi 1994
Kwa mkono wa Umulisa

Kaka,

Ukisoma hii, anayekukabidhi ni mpwa wako. Mtazame vizuri, ana paji la uso la mama yetu.

Jana Bwana Sangwa alipita mezani kwangu, akaweka karatasi juu ya mashine ya chapa, akasema "orodha imekamilika," akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Ilikuwa na sahihi na mhuri. Jina ni moja. Niliigeuza nyuma nikatafuta la pili. Nilitaka kugonga mlango, nikaogopa kwamba nikimkumbusha atabadili mawazo. Nimechukua hilo moja, na leo nimekabidhiwa hati yake ya kusafiria.

Sijui alifanya kwa nini. Huruma au hesabu, sitaki kujua.

Umulisa ataondoka kesho na Mukashema kwa njia ya Rusumo. Nimemwambia ni likizo ya Pasaka. Yeye ana miaka kumi na mitatu, hakuamini, lakini amenisaidia kujifanya. Ameuliza kama aogelee. Nimemwambia aningoje, tutaingia pamoja, kwa kuwa mjomba mwenyewe hajui.

Mpaka wa Rusumo una watu wabaya siku hizi. Wanashusha abiria. Kwa hiyo akifika tu, siku ileile, niandikie kwa ndege, kwenye sanduku lilelile, sina lingine. Usiweke ufukwe. Andika amefika. Sitalala mpaka niione hiyo barua.

Xavérine

*

Dar es Salaam, 30 Machi 1994

Mdogo wangu,

Amefika.

Amefika jana jioni kwa treni, mzima, amechoka, ana kikapu na sweta yako. Amekula sahani mbili. Trinah amempa kitanda cha karibu na dirisha.

Najua uliniambia nisiweke ufukwe, lakini hii ni habari ya mwanao. Asubuhi nimempeleka baharini. Alisimama pale maji yanapoishia, viatu mkononi, wimbi likija anarudi nyuma hatua moja. Nilimwambia aguse angalau kwa kidole. Akasema, "Mama amesema nimngoje." Tukakaa mchangani mpaka jua likawa kali, mimi na fimbo yangu, yeye na viatu vyake.

Hajaingia. Njoo.

Benon

*

Kigali, 9 Agosti 1994
Kwa mkono wa dereva wa magari ya misaada

Kaka Benon,

Niko hai. Nimeandika hilo kwanza ili usihangaike na yanayofuata.

Mengi nitakuambia kwa mdomo, mengine sitakuambia. Moja nitaliandika. Tarehe kumi Aprili nilikuwa nimeketishwa chini kwenye kizuizi cha barabarani, si mbali na Gisimenti, pamoja na watu saba. Kitambulisho changu kilikuwa mkononi mwa kijana mmoja. Bwana Sangwa alipita kwa gari. Alisimama, akanitazama, akamwambia yule kijana, "Huyo ni wa ofisini kwangu." Wakanirushia kitambulisho. Kati ya wale saba wawili walikuwa wa ofisini pia, na alikuwa anakunywa nao chai. Hakuwataja. Akapandisha kioo akaenda. Siku zilizobaki mpaka Julai nilikuwa ndani ya dari ya nyumba ambayo haikuwa yangu.

Yeye aliondoka na wale waliokimbilia magharibi. Wanasema alionekana Kibuye, kisha hakuonekana. Watu wananiuliza alikuwa mwema au mbaya, kana kwamba mimi ndiye mwenye faili lake. Nina hasira naye na niko hai kwa sababu yake, na vyote viwili vinalala na mimi kitanda kimoja.

Wiki hii nilipanda Kacyiru. Ofisi haina milango. Ramani bado iko ukutani, na Ufilipino haina pini. Pini moja iko mahali ambapo ramani ya dunia haiandiki chochote, katikati ya Afrika, imezama mpaka kichwa. Kwenye droo nilikuta mkasi wake na ufunguo.

Leo nimekwenda posta. Masanduku mengi yamevunjwa, lake limebaki. Kwa miaka yote hii sikuwahi kulifungua kwa mkono wangu. Ndani kulikuwa na bahasha moja, ya ndege, mwandiko wako, muhuri wa tarehe thelathini Machi. Imefungwa, kaka. Gundi yake haijaguswa. Hakuna mtu aliyeisoma kabla yangu, hakuna aliyenisomea. Ilifika zikiwa zimebaki siku chache yale yaanze, halafu ikakaa gizani miezi minne huku mimi nimelala juu ya mbao najiuliza kama mtoto wangu alivuka Rusumo.

Nimeiweka mezani. Ni nyepesi. Nimejaribu kujua kwa uzito wake na sijui. Neno nililokuomba ni moja tu na halina uzito, na lile jingine, nisilotaka kuliandika, nalo halina. Naandika hii kwanza kwa sababu nikishaifungua, liwe jema au baya, sitaweza kushika kalamu, na dereva anaondoka saa nane.

Mkasi wa Bwana Sangwa uko hapa. Siutaki. Naifungua kwa mkono.

Dada yako,
Xavérine